Sauti Isiyoita Mara Mbili

Jua la utosi, kijiji cha Quiterajo kimya, watu wengine shamba na wengine pwani, Kuluthumu akasikia anaitwa. "Kuluthumu." Mara moja, basi. Alikuwa uani anatwanga makopa, akaganda na mchi mkononi. Hakuitika. Kwao mtu haitikii mwito wa kwanza, hata mtoto mdogo anajua: binadamu akikutaka ataita tena, jini huita mara moja. Ukimwitikia huyo, umekwenda na maji.

Akangoja mwito wa pili. Haukuja.

Na sauti yenyewe ilikuwa ya Zuleica, wifi yake, anayekaa nyumba ya ubavuni. Wewe utasema, si angekwenda tu kumwangalia? Thubutu! Jini hakuiti kwa sauti ya mgeni, huvaa sauti ya mtu wako. Kwa hiyo kadiri ilivyofanana na ya Zuleica, ndivyo Kuluthumu alivyozidi kuogopa. Kumwuliza mwenyewe nako hakuthubutu, maana walisema kumtajia mtu sauti ile ni kumpelekea nyumbani kwake.

Zamani hakuwa hivi. Kuluthumu alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu, mdomo haulali, akikukuta njiani utachelewa huko unakokwenda. Zikaja vurugu. Mume wake Latifo akauawa, na siku hiyohiyo akauawa mtoto wa pekee wa Zuleica, dada yake Latifo. Wanawake hao wawili wakakimbia pamoja, wakakaa kambini miaka, wakarudi pamoja, wakakuta nyumba nyingi hazina paa. Katika ukoo mzima walibaki wao tu. Na sasa Zuleica alikuwa anaisha. Haogi, hatoki, msiro wake wa kupaka usoni umekaukia kwenye jiwe la kusagia. Kuluthumu humpelekea ugali asubuhi, jioni anaukuta vilevile na nzi juu. Majirani wengine walisema ni uvivu, wengine wakasema kachukuliwa. Kuluthumu aliwaamini hao wa pili. Hofu yake ikawa kwamba jini akimmaliza wifi yake atamgeukia yeye, na ndiyo maana ameanza kumwita.

Basi kila mchana sauti, na kila mchana Kuluthumu anasoma Ayatul Kursi kwa nguvu asiisikie. Kombe la mwalimu, yale maji yaliyooshea aya, alilinywa, halikusaidia. Usingizi ukamhama. Moyo unamwenda mbio amekaa tu anapepeta unga, mikono baridi juani. Akipita mlango wa Zuleica nywele zinamsimama. Mle ndani giza mchana kweupe, na mtu amelala kaelekea ukutani, hageuki hata ukipiga hodi.

Siku moja sauti ikaja ndogo mno, kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Kuluthumu akangoja ya pili kama kawaida yake, haikuja, na hofu ikampanda mpaka ikageuka hasira. Alikuwa amechoka. Akautupa mchi. Kama ni kuchukuliwa, alisema moyoni, na nichukuliwe, nikapumzike.

"Labeka," akaitika.

Halafu nyumba ya ubavuni kikatoka kilio cha chini, cha mtu mzima.

Alikwenda mbio mpaka ndani. Zuleica alikuwa amejiburura mpaka katikati ya chumba, akaishia hapo, amekaa sakafuni.

"Siku zote nakuita," Zuleica alisema. "Nikajua umenichoka."

"Uliita mara moja, wifi."

"Ya pili nguvu sina."

Kuluthumu alikaa palepale chini akalia, aibu na huruma vyote pamoja. Mtu alikuwa anaomba msaada, na yeye anamsomea dua za kumfukuza.

Kesho yake alimwogesha, akamshika mkono, wakaenda posto ya afya. Muuguzi wa pale, Tânia, hakuwacheka wala hakubishana nao habari ya jini. Alisema huzuni ikikaa sana ndani ya mtu huwa ugonjwa, una matibabu, na mgonjwa wake asiachwe peke yake kutwa nzima. Akamwuliza Zuleica polepole. Analala? Anakula? Moyo unamwenda mbio? Kuna wakati anaona afadhali afe? Zuleica aliitikia kwa kichwa, yote. Hilo la mwisho Kuluthumu hakulijua, likamkata maini.

Wakapanga siku za kurudi. Kisha Tânia akamgeukia Kuluthumu.

"Na wewe, mama?"

Kuluthumu akacheka kidogo, akasema yeye mzima, ni msindikizaji tu. Tânia hakubisha. Akayarudia maswali yaleyale, moja moja. Usingizi. Chakula. Moyo. Kuluthumu akajikuta anatazama sakafu, anajibu ndiyo kwa sauti isiyofika mbali. Lilipofika lile la mwisho alitaka kukana, ulimi ukakataa.

"Jana," alisema. "Jana nilitaka."

Zuleica, aliyeletwa kwa kushikwa mkono, akasogea kwenye benchi la wagonjwa, akampisha wifi yake akae.