Bi Kipimo na Jagi la Tui

Alisimama nyuma ya kaunta ya hoteli ileile kwa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kumwona akimimina kinywaji kwa kukisia. Wenzake waliinamisha chupa na kuhesabu kimoyomoyo. Yeye alishika kikombe chake kidogo cha bati, akakiinua hadi usawa wa jicho, ndipo akamimina. Wakamwita Bi Kipimo, na jina likamganda hata nyumbani, kila mume wake alipotaka kumtania kuhusu chumvi.

Kazi alifundishwa na mhudumu mmoja mzee, mtu aliyekuwa ametumika melini kabla ya kushika kaunta. Mzee huyo alikuwa na kinywaji kimoja alichokiheshimu kuliko vyote: pinya kolada, yaani ramu, nanasi na nazi.

"Maana ya jina lake ni nanasi lililochujwa," alimwambia. "Nazi haimo kwenye jina. Nazi ilikuja baadaye."

Alimweleza kwamba kilitoka kisiwa cha ng'ambo, na kwamba wahudumu zaidi ya mmoja waliapa, kila mtu kivyake, kuwa ndiye aliyekibuni. Mzee hakutaka kuwaamua. Alichojali ni namna ya kukitengeneza. Wengine wanakitikisa na barafu kisha wanakichuja, wengine wanakisaga kwenye blenda mpaka kinakuwa kama uji. Wako wanaotumia nazi tamu ya kopo, wako wanaokamulia ndimu kukata utamu, na wako wanaomwagia ramu nyeusi juu kidogo ili ielee. Bi Kipimo alizishika zote kichwani kama mtu anavyoshika majina ya wanawe.

Pale hotelini kilitengenezwa kwa tui zito, lililokamuliwa alfajiri. Tui la namna hiyo lina ladha isiyopatikana kwenye kopo, ila halina subira. Likikaa kwenye joto linachacha, na dalili ya kwanza ni harufu, kabla hata rangi haijabadilika.

Na harufu ndiyo Bi Kipimo aliyoipoteza.

Aliugua homa wiki mbili. Alipopata nafuu aliunguza vitunguu jikoni kwake hali amesimama juu ya sufuria, mpaka mume wake akaja mbio kutoka uani kuuliza kama amelala wima. Alisema alikuwa na mawazo. Usiku huo alinusa sabuni, kahawa, chupa ya siki. Hakusikia kitu. Ulimini ulibaki utamu na uchungu, basi.

Mtu pekee aliyemwambia alikuwa wifi yake, mpishi wa hoteli hiyohiyo.

"Nikisema, nitaondolewa kaunta," alimnong'oneza stoo. "Meneja mpya anatafuta sababu."

"Kwa hiyo mimi ndiye pua yako?"

"Kwa muda tu, wifi."

"Kaka yangu alioa mtu mzima, sasa naona tumebakiziwa nusu," wifi alisema. Lakini tangu siku hiyo, kila tui lilipokamuliwa na kila lilipotolewa kwenye friji, alipita kaunta kama anatafuta kijiko, akanusa, akaondoka. Miezi minne ilipita hivyo.

Kisha meneja akaleta habari. Wageni kumi na wawili, wenye makampuni ya safari, wangekuja Jumamosi saa tano asubuhi. Wakiridhika, wangeleta watu msimu mzima. Bi Kipimo angewatengenezea pinya kolada kwa namna nne na kuwasimulia historia yake. "Na sitaki kopo," meneja alisema. "Makopo yote nimeyarudisha. Tunatumia tui letu."

Jumamosi alfajiri wifi alinusa jagi, akatikisa kichwa kukubali, likaingia friji ya kaunta. Saa tatu simu yake ililia. Mwanawe ameanguka na baiskeli, mkono umevimba. Alivua aproni palepale, akakimbilia hospitali.

Saa nne na nusu Bi Kipimo alifungua friji, akakuta giza ndani. Aliinama. Waya ulikuwa umechomolewa. Aliyesugua sakafu alikuwa ameuweka kando na kuusahau. Alipapasa ubavu wa jagi. Lilikuwa vuguvugu.

Alilipeleka puani ingawa alijua ni bure. Akachovya kidole, akalamba. Mafuta tu. Alilitazama tui kwenye mwanga wa dirisha: jeupe, laini, halina donge. Linaweza kuwa zima. Linaweza kuwa limeharibika tangu saa moja iliyopita. Angeita mpishi yeyote anuse, lakini katika miaka kumi na tisa hajawahi kumwomba mtu amwonjee, na swali moja lingezaa mengine kumi. Nazi nyingine jikoni hakukuwa na hata moja. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, akajibiwa zimekwisha asubuhi.

Wageni waliingia wakizungumza. Mbele alikaa mama mmoja mjamzito, aliyeomba chake kisitiwe ramu. Bi Kipimo alianza. Mikono ilifanya kazi yenyewe: juisi, tui, barafu, kikombe cha bati usawa wa jicho. Jasho lilimtoka mgongoni. Glasi za kwanza zilijaa, na ile isiyo na ramu ikiwa kati yake. Meneja akazipanga kwenye sinia.

"Meneja, onja moja kwanza," alisema polepole.

Meneja alicheka kwa ajili ya wageni. "Nani amwonjee Bi Kipimo?"

Akainua sinia. Bi Kipimo akanyoosha mkono juu ya kaunta, akalishika ukingo. Glasi ziligongana. Mazungumzo yakakatika.

"Liache," meneja alisema kwa meno yaliyofungwa.

"Sisikii harufu," alijibu, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Tangu nilipougua. Friji ilizimwa, sijui kwa muda gani. Siwezi kujua kama tui hili ni zima. Tafadhali, nusa."

Meneja alimkodolea macho. Kisha akainamia glasi moja, akanusa. Aliirudisha taratibu na kulisukuma sinia nyuma.

"Limechacha," alisema chini chini.

Hakuna aliyejua pa kutazama. Bi Kipimo alimwaga glasi zote kwenye sinki, moja baada ya nyingine, akanawa mikono. Wageni walikuwa bado wamekaa. Basi akawaambia ukweli: hapatakuwa na nazi leo, ila kabla ya nazi kulikuwa na nanasi lililochujwa, ramu, sukari na ndimu, na hicho anaweza kuwapa. Akachuja juisi mara mbili kwa kitambaa safi, akatikisa na barafu. Safari hii meneja alionja bila kuambiwa. Mama mjamzito alipewa chake bila ramu, akakimaliza, akauliza kwa nini kwingine hawatengenezi hivi.

Wageni walipoondoka, meneja alifunga mlango wa ofisi.

"Umewanywesha watu miezi minne ukijua husikii harufu."

"Kila jagi lilinuswa."

"Na nani?"

Bi Kipimo alivua aproni, akaikunja juu ya meza bila kumtaja wifi. Meneja akampa barua ya kumsimamisha kazi wiki tatu. Aliporudi, hakurudishwa kaunta. Alipewa kufundisha wahudumu wapya, na utaratibu mpya ukabandikwa ukutani kwamba tui linuswe na watu wawili. Kuna siku aliwatazama wakimimina kwa kukisia, na vidole vikakitafuta kikombe cha bati mfukoni.

Jioni ya Jumamosi ileile, kabla wifi hajafika kutoka hospitali, Bi Kipimo alimwambia mume wake kila kitu. Mume alisikiliza mpaka mwisho.

"Miezi minne," alisema, "kila siku unaniambia mchuzi wangu unanukia."

"Nilikuwa nakutia moyo."

Hakucheka. Aliuliza kwa nini dada yake alijua na yeye hakujua, na swali hilo lilimuuma Bi Kipimo kuliko barua ya meneja. Alisema aliogopa. Mume akasema kesho watakwenda wote kwa daktari, na kwamba angependa kuwemo kwenye jambo linalofuata tangu mwanzo.