Vidonge vya vitamini D nilivyomnunulia mama, na nilichoambiwa siku ya tatu ya msiba

Wakuu, poleni na majukumu.

Anayetafuta chai humu apite tu, uzi huu si wake. Ninachoandika kimetokea nyumbani kwetu Chonyonyo, Karagwe, na mhusika mkuu ni mimi mwenyewe. Nimekaa nacho miezi minne, hata mke wangu sijamweleza vizuri.

Mimi ni fundi umeme, naishi Mwanza. Kitinda mimba. Na niseme mapema ili mnielewe: nina mdomo. Mtu nikimpenda namuamrisha. Kula hiki, acha kile, vaa sweta. Ndivyo nilivyo.

Mama alikuwa na miaka sabini na sita. Maisha yake yote aliyatumia kwenye kibanja, yaani shamba letu la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Msimu wa kahawa yeye ndiye aliyekuwa anaanika. Kutwa nzima yuko uwanjani anageuza buni kwenye mkeka, jua linampiga, na anaimba zake tenzi.

Baba alipofariki, sisi watoto tukakaa kikao tukaamua mama apumzike. Kazi zote akabebeshwa shemeji yangu Jeni, mke wa kaka, anayeishi palepale nyumbani. Mama akawekewa kochi sebuleni.

Tulijiona watoto wa maana kweli. Majirani nao walitusifu.

Baada ya miaka mitatu hivi mama akaanza kulalamika mifupa. Mapaja, kiuno, mgongo. Kuinuka kwenye kochi mpaka ashike meza. Nikamleta Mwanza, akapimwa damu, daktari akaniambia vitamini D iko chini mno.

Akamuuliza mama kama huwa anakaa juani. Mama akanitazama mimi kwanza, ndipo akajibu, "Watoto walinikataza kazi."

Niliona aibu, wakuu.

Kwa wasiojua, na mimi nilikuwa sijui: daktari alinieleza kwamba mwili unajitengenezea vitamini hiyo ngozi ikipata jua, na mtu akizeeka uwezo huo unapungua. Sasa nyumba yetu imemezwa na migomba, sebuleni hata saa saba mchana unatamani kuwasha taa. Humo ndimo tulimokuwa tumemkalisha tukidhani tunamtunza.

Akaandikiwa vidonge vyenye nguvu, kimoja tu kwa wiki, boksi la kumi na viwili limtoshe miezi mitatu, kisha arudi kupimwa. Daktari akasisitiza visizidishwe, vikizidi vinaweza kudhuru figo. Tukapanga ameze Jumapili baada ya chakula cha mchana, maana Jumapili haisahauliki.

Mama akarudi nyumbani. Kila Jumapili jioni nikawa napiga simu.

"Shikamoo mama. Umemeza?"

"Marahaba mwanangu. Nimemeza."

Wiki ya tatu Jeni akanipigia. Boksi limeisha.

Aisee, nilipaniki. Vidonge vya miezi mitatu kwa wiki tatu! Nikasema mpe mama simu, nikamwakia. Nilimwambia hivi, naandika kama yalivyotoka: "Mama, unavitafuna kama karanga? Unataka kufa na figo? Mimi nahangaika huku, wewe unafanya mchezo?"

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Nisamehe waitu. Sitarudia."

Waitu kwetu ni neno la heshima na la kubembeleza. Mama mzima ananibembeleza mimi niliyemlalia mgongoni. Na hapo mimi nilikata simu bado nimenuna.

Akapelekwa hospitali Kayanga, mjini kwetu Karagwe, kupimwa figo, ziko salama. Kipimo cha vitamini yenyewe tulikuwa tumekipata Mwanza tu, sikuhangaika kukirudia. Daktari akasema apumzike mwezi mmoja, ndipo aanze boksi jipya kwa uangalifu.

Boksi la pili lilikwenda sawasawa. Nilikuwa namwambia Jeni ahesabu kila Jumatatu, na kila Jumatatu kimepungua kimoja. Miezi mitatu ikatimia na vidonge vikaisha siku yake. Nikampigia mama nikamsifu, nikamwambia umeona sasa, ukinisikiliza mambo yanakwenda. Alicheka kidogo akaniuliza wajukuu hawajambo.

Kumrudisha kupimwa nikawa naahirisha. Mara nina nyumba ya kufunga nyaya, mara barabara, mara nitakuja Krismasi. Hilo nalo ni langu, simsingizii mtu.

Kabla ya Krismasi mama akateleza nyuma ya nyumba, asubuhi baada ya mvua, akitoka jikoni. Si anguko la kutisha. Jeni anasema alikaa chini tu kama mtu aliyechoka. Nyonga ikavunjika.

Nikamchukua tena mpaka Mwanza. Vipimo vikarudiwa, na vitamini D ilikuwa palepale chini, hata haikusogea. Daktari akaniuliza kama dawa alikuwa anameza kweli. Nikajibu kwa kujiamini kabisa, "Daktari, mimi mwenyewe nilikuwa namsimamia."

Mama alikuwa amelala palepale anasikia. Aligeuzia uso ukutani. Nikadhani ni maumivu.

Wiki ya tano kifua kikamshinda. Tukamrudisha Chonyonyo kwenye jeneza, tukamzika kwenye kibanja pembeni ya baba.

Siku ya tatu ya msiba nimekaa kwenye benchi nje, akaja Ma Kokugonza. Huyu ni rafiki wa mama tangu ujana, wameimba kwaya moja. Nikamwamkia, akakaa karibu yangu, akanishika mkono akaanza kunishukuru. Anashukuru nini, sielewi.

"Mwana wange, vile vidonge vyako vya mifupa vimenisaidia. Sasa napandisha kilima mpaka kanisani sijapumzika."

Nikamuuliza vidonge vipi, Ma.

Ndipo akanisimulia bila kujua ananichoma. Jumapili ibada ikiisha, yeye na wenzake wawili walikuwa wanapita kwa mama kumwona, kwa kuwa mama hakuweza tena kutembea mpaka kanisani. Jeni muda huo bado yuko kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Mama anawakaribisha, analeta amwani.

Amwani ni kahawa yetu ya kutafuna, inachemshwa na kukaushwa, inakaa kwenye kikapu kidogo. Mgeni akiingia lazima umpe atafune, nawe unatafuna naye. Kutia kitu mdomoni peke yako wageni wanakutazama ni uroho, hata mtoto anachapwa kwa hilo.

Sasa mimi nikampangia mama dawa Jumapili baada ya chakula, saa ileile wazee wenzake wamekaa sebuleni, nao wote magoti yanauma. Mama akafanya alichofundishwa. Wanawake wanne, vidonge vinne, Jumapili tatu, boksi likaisha.

Nikauliza, na boksi la pili?

"La pili alituambia mtoto amesema kimoja kwa wiki. Tukawa tunapeana zamu, wiki hii mimi, wiki ijayo mwenzangu. Yeye alisema vyake unamletea kwenye boksi lingine, anameza asubuhi."

Boksi lingine halikuwepo, wakuu.

Kwa hiyo miezi mitatu ile mama hakumeza hata kimoja. Aliona aibu kuwanyima wenzake, na aliogopa hesabu yangu ya Jumatatu. Akajitoa yeye.

Nilimuuliza daktari baadaye kama vingemwokoa. Alinijibu kwa uungwana kwamba hakuna anayeweza kuapa, mfupa wa mzee unaweza kuvunjika hata akimeza. Wala magoti ya Ma Kokugonza sijui kama ni vidonge au ni imani. Nimewaomba wote watatu wakapime kwanza, wasimeze kitu cha mtu mwingine tena.

Mnaotuma supplements kijijini, mzazi apimwe kabla na apimwe baada. Acheni wazee watoke nje waguse kazi nyepesi wanayoipenda. Mkipanga saa ya dawa, ulizeni saa hiyo nyumbani huwa kuna nani.

Na mzee akikosea, muulize taratibu imekuwaje. Mimi ningeuliza tu "mama, vimekwendaje?" angeniambia, na ningenunua maboksi manne bila neno.

Karibuni mchangie, hata wa kunisema mniseme. Ila kabla hujaandika, jiulize kama mama yako anaweza kukwambia ukweli kwenye simu bila kupima kwanza sauti yako.

Wangu alikuwa ananiogopa, wakuu. Nililia msiba kama kila mtu, lakini hili sijui hata nilililie wapi.