Siku Niliyomkalia Mama Mkwe

Hii aibu nikikuambia usicheke mpaka nimalize, ama cheka tu, hata mimi nilicheka kabla nilie. Mimi mzee mzima, shemasi wa kanisa, nilimkalia mama mkwe. Sio kiti chake. Yeye mwenyewe.

Na unajua sisi Wakamba na mama mkwe. Humpi mkono, humwangalii usoni, mkikutana njiani wewe ndio unaingia kwa mahindi ya watu mpaka apite. Hiyo tunaita nthoni, na ukiivunja unalipa mbuzi.

Shida ilikuwa macho. Daktari aliniambia nina glakoma, presha ya macho, inakula pembeni polepole bila uchungu, akanipa matone niweke kila siku maisha yangu yote. Nilimaliza chupa moja nikaacha (inawasha kama pilipili, na mbele nilikuwa naona sawa, kama mtu anachungulia kwa bomba lakini sawa). Bibi yangu sikumwambia. Nikigonga mlango nasema mlango umesonga.

Sasa siku hiyo tukaitwa kwao Nunguni, maombi ya shukrani, nyumba imejaa mpaka kuku wamekosa pa kusimama. Kwa geti bibi yangu akanyoosha mkono, "Shika, kuna mawe."

"Mama Mwende, kwani mimi ni mtoto?"

Nikaingia peke yangu, kutoka jua kali mpaka ndani giza, pasta anaomba, watu wamefunga macho, nikaona kitambaa cheupe cha kochi, nikageuka, nikajiachilia na kilo zangu zote tisini.

Kochi likamlilia Mungu, "Ngai wakwa!"

Pasta alisema amina kabla ya wakati. Nikaruka, nikagonga meza iko upande ule sioni, chai ya watu hamsini ikaenda chini na mimi juu yake. Shemeji yangu Muthama akapiga kelele, "Amelewa! Shemasi amelewa saa tano asubuhi!"

Hapo ningesema sioni. Lakini nikafikiria, mlevi huamka kesho akiwa mzima, kipofu huamka akiwa kipofu. Nikasema, "Nisameheni, nilikunywa kidogo."

Bibi yangu akainama akaanza kuokota vikombe. (Zamani kabla niokoke nilikunywa kweli, na yeye ndiye aliona cha moto.)

Kanisa likanitoa kwa ushemasi. Nikakaa kwa nyumba miezi mitatu kama viazi vya mbegu. Sokoni siendi, naogopa kugonga mtu aseme ndio huyo tena. Chakula hakina ladha. Nilikuwa naelekea ukuta nikijiuliza uso wa mjukuu wangu nitauona mpaka lini. Siku moja niliangalia kamba ya mbuzi muda mrefu sana, na mbuzi hakuwa hapo. Hiyo sikutanii.

Halafu bibi yangu akarudi kutoka kwao, hajavua hata leso, akasimama mbele yangu.

"Mama anasema mlevi hunuka. Anasema wewe ulimkalia kabisa, na hukunuka kitu. Anasema, 'Huyo mtu haoni, mpeleke.' Baba Mwende, ni kweli?"

Nikalia kama mtoto wa nasari. Nikamwambia yote, mpaka ile kamba.

Hospitali walisema jicho la kushoto limekwisha, la kulia limebaki kidogo, matone yatalinda hiyo kidogo, na ile imeenda hairudi. Kichwa pia walinipa mtu wa kuongea naye (mimi, mtu wa kuongea, nikapewa mtu wa kuongea!), na imenisaidia. Mbuzi nililipa. Kanisani nikasimama nikasema, "Sikulewa. Sioni." Nikasikia hata mabati yakilia kwa jua.

Ukipewa matone weka, hata yakiwasha. Lakini mimi yangu kubwa ni hii: ile pombe sikuinywa, na bibi yangu aliilia miezi mitatu, akidhani maisha yetu ya zamani yamerudi. Macho yaishe yakitaka kuisha. Kumdanganya Mama Mwende tena, hapana.