Bakteria wa Kila Jumatatu

Shangazi yangu alilisha bakteria wa koo miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kumwita mtaalamu. Alikuwa "mama wa maabara", basi. Kila Jumatatu, kwa amri ya daktari aliyeongoza maabara, aliwahamisha kutoka sahani ya zamani kwenda mpya. Mbegu yao ya asili ilikuwa kwenye friza, na ufunguo wa friza ulikaa mfukoni mwa daktari.

Bakteria wa aina hiyo ndio walioharibu moyo wa binti yake. Kila koo likimuuma, moyo unazidi kuchoka. Sindano ya kila mwezi ya kumkinga ilimletea mzio, ikasimamishwa. Kwa hiyo daktari alipochanganya dawa yake mpya na damu na bakteria, wote wakafa, shangazi alilia kwa furaha. Akaandikisha jina la binti yake kwenye orodha ya majaribio, la kwanza kabisa.

Kisha, kwa ule ubishi wake tunaoujua, akajitoa damu mwenyewe, akatia bakteria walewale wa sahanini bila dawa. Asubuhi akakuta wamekufa vilevile.

Hapo akaelewa. Bakteria hawa hutengeneza protini ndani, huisukuma nje ya ukuta wao na kuivaa kama koti, na askari wa damu wanashindwa kuwashika. Lakini walishe sahanini miaka nenda miaka rudi, bila adui, wanaacha kulivaa. Damu peke yake ilitosha kuwamaliza. Dawa haikufanya kitu.

"Mama, nani kakutuma?" daktari alimuuliza alipomweleza.

"Hakuna. Fungua friza tupime upya."

Wale wa friza, na koti lao, walizaana ndani ya dawa kama hawajaiona. Daktari akaandika kwamba yeye ndiye aliyegundua kosa, na chanzo ni uzembe wa mhudumu. Shangazi akafukuzwa kwa barua ya mistari mitatu. Hadi leo nikimwona yule mtu damu inanichemka.

Ila barua haikumuumiza kama jioni ile, alipomweleza binti yake kuwa dawa haipo. Binti hakupandisha sauti.

"Ungenyamaza tu, mama. Nilikuwa nimeanza kulala vizuri."

Shangazi aliwasha tochi ya simu, akamwambia afungue mdomo. Koo lilikuwa limeanza kuwa jekundu.