Mkono Hadi Kiwiko

Ruti alikuwa amebakiza siku kumi na moja Brussels, na binti yake Imelda bado hakuwa na maziwa ya kumtosha mtoto. Mchana kutwa kichanga kilinyonya, kikaachia, kikalia. Ruti alisimama dirishani, akakaa, akasimama tena.

"Mama, utatoboa zulia," Imelda alimwambia.

"Nipe ulezi, nitatulia."

Unga wa pakiti ulikuwepo. Yeye alitaka punje, aziloweke, azioteshe, asage kimea apike uji wa kuleta maziwa, kama alivyopikiwa kule kijijini Igamba kwa uzazi wake wote, mara nne. Matonge, mtaa wa maduka ya Wakongo, walikuta muhogo, mawese na samaki wakavu.

"Basi, hakuna," Imelda alisema. Miaka sita mjini, alijua njia ya kazini, ya kanisani na ya Matonge.

Lakini Ruti alikuwa ameuza mahindi na maharage sokoni Tunduma miaka ishirini na mitatu. Hakuamini kwamba mji mzima hauna ulezi. Ijumaa asubuhi alivaa koti la mkwewe Brian, akajifunga kitenge juu yake, akatoka peke yake. Majina ya mitaa hakuyaangalia, aliangalia vikapu. Wenye vikapu vitupu aliwafuata, wenye vilivyojaa aliwauliza kwa kidole walikotoka. Akavuka mfereji, akapita vinyozi, mafundi baiskeli na maduka ya mashela ya harusi, mpaka lango lenye mafahali wawili wa shaba. Ndani, kwenye uwanja wa machinjio, soko lilikuwa limechangamka.

Kwa muuzaji mmoja Mmoroko, Aziz, aliona gunia la punje ndogo nyekundu. Akafanya anavyofanya mnunuzi yeyote Tunduma: alizamisha mkono hadi kiwiko, maana nzuri hupangwa juu, akachota za chini, akazing'ata.

Aziz alipiga kelele kwa Kifaransa. Watu wakageuka.

"Mama, tosha mukono mu gunia!" alicheka mwanamke wa meza ya pili, Mkongo muuza pilipili. "Anasema unaoga mu chakula yake!"

"Mwambie za chini ni kavu kama za juu. Hakuniibia."

Mwanamke alitafsiri. Aziz akapima, kisha akaongeza konzi moja.

"Unatoka wapi, mama?" mwanamke aliuliza.

"Tunduma."

"Tunduma! Bwana yangu alilalaka kule siku kumi na mbili, mu kamyo yake ya mizigo, ku mpaka!"

"Basi amekula maharage yangu."

Nyumbani aliziloweka, na hapo roho ikakosa utulivu zaidi. Kama zilikaangwa, zitaota kweli? Mara kumi kwa siku alifunua kitambaa. Jumapili jioni vikatokeza vimizizi vyeupe. Alizianika juu ya chuma cha kupasha nyumba joto, akazisaga kwenye mashine ya kusagia kahawa ya Brian. Jumatano Imelda alianza kunywa uji. Ijumaa asubuhi blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani, na mtoto amelala.

Ruti aliona, akafurahi, kisha akaanza kuhangaika upya: huu ulezi ukiisha?

Jumamosi, siku moja kabla ya ndege, alimtoa Imelda na mtoto mgongoni.

"Weka simu. Tazama vikapu."

Kwa Aziz, Imelda alikunja mkono wa koti, akazamisha vidole kwenye gunia, akasita. Aziz alimtazama mama, akamtazama binti, akainua mikono yote miwili.

"Chini zaidi," Ruti alisema.