Mgeni Asiyetaka Kusindikizwa

Mjukuu wangu Kulwa anataka niseme niliota. Sikuota. Nilikuwa nimekaa uani jua likiwaka, kisu mkononi, nakata viazi vya kuanika michembe. Na Mama Ashura yupo hai, kamuulizeni.

Mwanangu Masanja alinihamisha kutoka Mhunze baba yake alipofariki, akanileta hapa Segese. Mji wa dhahabu huu, kila mtu katoka kwao na kila mtu ana haraka. Unamsalimia mtu, anajibu keshapita. Kutafuta rafiki upya uzeeni ni kazi, nyie. Utaanzia wapi?

Ndipo akaja Mama Kwandu. "Mwadila, dada," akanisalimu, Kisukuma cha kwetu kabisa, kama tulinyonya ziwa moja. Akakaa, tukakata viazi. Ikawa kila mchana yupo. Kitu kimoja kilinikera: akiaga, hataki kusindikizwa. "Kaa, dada, miguu yako mibovu." Sasa jamani, kwetu mgeni anaondokaje peke yake kama mwizi? Nikadhani anaionea aibu nyumba yake. Mwishowe akasema, "Mimi nakuja kila siku, wewe hujafika kwangu. Kesho nakufuata." Nilivyofurahi, nikatenga na unga wa kumpelekea.

Jirani yangu Mama Ashura, Muha wa Kasulu, ambaye tulikuwa tukiishia salamu tu, alimwona akitoka.

"Kumbe bibi unamjua Mama Yusta?"

"Huyo ni Mama Kwandu, Msukuma mwenzangu."

"Bibi, macho hayo yanahitaji miwani. Huyo Muha. Kila asubuhi yuko kwangu tunapiga Kiha. Kesho ananipeleka kwake."

Tukacheka. Halafu tukaacha kucheka.

Kesho yake alipopiga hodi, tulitoka wawili. Niamini, yule mwanamke alitutazama, akafungua mdomo, akaufunga. Hakujua asalimie kwa lugha gani. Akageuka, akaondoka. Safari hii tulimsindikiza, wala si kwa ujasiri, miguu tu ilizoea adabu. Akaenda mpaka kwenye lile duara la zamani, shimo la wachimbaji lililoporomoka wakalizungushia miiba. Akapita katikati ya miiba, khanga isinase hata uzi. Kutoka chini tukakaribishwa. Mimi nilisikia Kisukuma. Mama Ashura alisikia Kiha, na mguu wake mmoja ulikwishatangulia. Nikamvuta khanga, tukaanguka wote huku nje ya miiba.

Mpaka leo, mchana, kuna hodi inapigwa uani kwa sauti ya kwetu. Siitikii. Rafiki yangu sasa ni Mama Ashura, kwa Kiswahili chetu cha kuungaunga. Lakini anayeweza lugha zote, atashindwa sura? Kwa hiyo Mama Ashura akija namsalimu kwanza Kisukuma. Akinikodolea macho asielewe, namkaribisha.

Nawe uliyehamia ugenini, rafiki wa kwanza akiongea kama mama yako mzazi, muulize jirani yeye anamwitaje.

Juzi Mama Ashura aliitikia kwa Kisukuma, tena bila kukosea. Anasema kajifunza kwangu. Huenda. Sijamfungulia bado.