Mpiga chapa anayefufua insha alizozikata mwenyewe

Saa mbili asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi, anabandika karatasi nyeusi ya kaboni kwenye kioo cha dirisha. Jua likiipiga kwa nyuma, maneno yanajitokeza kama vitundu vya sindano. Anasoma mstari mmoja, anarudi kwenye taipureta, anauchapa. Anainuka tena. Magoti yanalia, naye anayajibu: "Nyamazeni, tuko kazini."

Chumba chake kiko nyuma ya duka la fotokopi, kidogo hata kitanda kingeingia, yeye angebaki nje. Huchapa maombi ya kazi, mikataba na barua za malalamiko. Wateja humwita Bi Kaboni. Ana miaka sitini na tisa. Siku njema hupata kurasa kumi. Siku mbaya, moja, tena ya kukopwa.

Karatasi za dirishani hazina mteja. Hizo ni deni lake.

Miaka thelathini na minne iliyopita alikuwa mpiga chapa wa kampuni ya vitabu. Mwandishi wa riwaya, mtu mwenye jina, alileta insha kumi na mbili. Katika zote alikuwa akizungumza na mdogo wake, fundi mwashi aliyeporomoka na jukwaa bovu kwenye jengo la tajiri mmoja. Kila insha ilianza pale nyingine ilipoishia, na ya mwisho ilibeba maneno ya marehemu kabla hajakata roho.

Mwandishi alikuwa na masharti yake. Alinunua kaboni, karatasi za kutolea nakala, kwa pesa yake, na akataka kila moja itumike mara moja tu, nakala isififie.

"Nikaona huyu baba ana wazimu," anasema Bi Kaboni. "Kaboni nzima unaitupa? Nikawa nazihifadhi kwenye boksi. Ubahili tu, mwanangu, wala si busara."

Mhariri mkuu alisoma, akakunja uso. Tajiri yule alikuwa rafiki yake. "Kitabu si matanga," alisema. Akaamuru insha tatu zitolewe, mpangilio uvurugwe, na marehemu afutwe kila alipotajwa. Bi Kaboni alichapa upya kwa siku tisa, bila kuuliza. Kilichotoka kilikuwa kitabu cha mawaidha kwa vijana. Loo! Kilio cha mtu kikageuzwa nasaha za kufanya kazi kwa bidii, na shule zikakinunua.

Mwandishi alifika ofisini na kitabu mkononi. Akauliza nani kachapa. Bi Kaboni akanyoosha mkono.

"Akaniambia, 'Mikono yako imemuua ndugu yangu mara ya pili.' Akaenda kwake, akachoma mswada wote, nakala na kila kitu. Hajaandika kitabu tena."

Miaka miwili iliyopita binti wa Bi Kaboni, muuguzi, alikuja kusafisha chumba, akataka kutupa boksi lile. Bi Kaboni alichomoa karatasi moja, akaielekeza dirishani aone kama bado ina wino. Akasoma: Mdogo wangu, leo wamepaka jengo rangi.

"Nilikaa chini sakafuni," anasema. "Nililia mpaka huyu binti akanipima presha."

Binti anacheka, ila hafurahi. "Mama anaangamiza macho kwa mtu asiyetaka hata kumwona. Nimemwambia, majuto ni mjukuu."

"Wangu ameshaota ndevu," mama anamjibu.

Amekwisha kurudisha insha kumi na moja, kila moja mahali pake, na ya kumi na mbili hadi ukurasa wa tisa. Ukurasa wa kumi, wenye maneno ya marehemu, hausomeki. Kaboni yake ilitumika mara mbili. Mistari imelaliana, huwezi kujua ipi ya nani.

Aliitumia nani? Anafuta miwani ambayo si chafu.

"Mimi. Wiki ile ile niliyomaliza kuzikata niliomba cheo cha katibu wa mhariri. Nikachukua kaboni iliyokuwa juu kwenye boksi. Ya juu ndiyo ya mwisho. Hapo juu ya maneno ya yule marehemu, mimi nimeandika 'nakushukuru kwa imani yako kwangu.'"

Cheo alikipata. Kampuni ilifungwa miaka sita baadaye.

Maneno yale sasa yamebaki mahali pamoja tu, kichwani mwa mwandishi, mzee wa miaka themanini na mmoja anayeishi mitaa mitatu kutoka hapo. Mwezi jana Bi Kaboni alimpelekea insha ya kwanza. Bahasha ilirudi bila salamu. Ila ndani, palipochapwa "ghorofa ya nne", mtu alikuwa amekata kwa penseli na kuandika "ya tano".

Alikimbilia dirishani kuhakikisha. Ilikuwa ya tano.

"Hata safari hii nimemkosea," anasema. "Lakini kaisoma. Angekuwa hataki, angeichoma, kuchoma anajua."

Jumamosi atakwenda mwenyewe, na taipureta kwenye mkokoteni, maana haibebeki.

"Anitukane mpaka achoke. Nitakaa pale pale mlangoni. Akishachoka, anitajie ukurasa wa kumi, na mara hii nitachapa kama anavyosema."

Karatasi mpya ya kaboni ameshanunua. Moja.